Malaria nne, na mashine iliyoona kinyesi cha kimelea

Kuna lugha moja ya hospitali ambayo Watanzania tunaielewa wote bila kufundishwa. Mtu anatoka kupima, anapiga simu nyumbani, anasema: "Nimekutwa na malaria nne." Upande wa pili unajibu: "Afadhali wewe, mimi mwezi uliopita nilikuwa na kumi na mbili, sikuinuka kitandani." Tunazitaja kama magoli ya Simba na Yanga. Ukisema una malaria moja kuna shangazi atakayekucheka, kwamba na hiyo nayo ni malaria?

Sasa wadau, mmewahi kujiuliza hizo nne ni nne za nini? Mimi nilijiuliza, nikaenda kuuliza watu wa maabara, kwa sababu kazi yangu ni kuuliza. Jibu ni hili. Mtaalamu anachukua tone la damu, analitandaza kwenye kioo, analipaka rangi, anakiweka kioo chini ya hadubini. Kisha anahesabu vitu viwili kwa pamoja: vimelea vya malaria na chembe nyeupe za damu. Akifikisha chembe nyeupe 200 anasimama. Vimelea alivyokutana navyo mpaka hapo ndivyo anavyoandika kwenye karatasi yako. Nne ni vimelea vinne kwa chembe nyeupe 200. Akitaka kujua mikrolita moja ya damu yako ina vimelea vingapi, anachukulia kwamba kila binadamu ana chembe nyeupe 8,000 katika mikrolita hiyo, anapiga hesabu, na nne zako zinakuwa vimelea 160.

Hiyo 8,000 ndiyo iliyonikosesha usingizi. Ni namba ya kurahisisha kazi tu. Mgonjwa wa malaria mara nyingi chembe zake nyeupe huwa chini ya hapo, na mtoto mwenye nimonia anaweza kuwa nazo maradufu au zaidi. Mwenye chembe 4,000 akiandikiwa nne, ukweli wake ni vimelea 80. Mwenye 16,000 akiandikiwa nne, ukweli wake ni 320. Karatasi mbili zinafanana, damu mbili zinatofautiana mara nne. Na kinachochekesha (au kinacholiza, chagua mwenyewe) ni kwamba katika hospitali nyingi za wilaya, mashine inayojua idadi halisi ya chembe nyeupe za mgonjwa iko chumba hichohicho, hatua chache kutoka kwenye hadubini.

Ni ile mashine ya FBP. Wenzetu wa Kenya huiita ya hemogramu. Unatolewa damu kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau, mashine inanyonya kidogo, inanguruma, inatema karatasi yenye safu ya namba. Wengi tunaijua kama mashine ya kupima wingi wa damu. Wachache wanajua kwamba kwa zaidi ya miaka 25 watafiti wamekuwa wakiifundisha kuitambua malaria, na kwamba katika sehemu fulani za dunia imeshaitambua kabla daktari hajaiwazia. Historia yake ni ndefu kuliko mashine yenyewe. Inaanzia kwenye uchafu.

Mwaka 1847 daktari wa Kijerumani aliyeitwa Johann Heinrich Meckel alipasua maiti ya mgonjwa wa akili akakuta katika damu na wengu punje nyeusi zinazoelekea kahawia. Hakujua ni nini. Miaka miwili baadaye Rudolf Virchow, jina kubwa katika tiba ya Ujerumani, alizihusisha punje za namna hiyo na malaria. Lakini kwa miongo mitatu zaidi hakuna aliyejua zinatoka wapi. Wakati huo malaria ilidhaniwa kuwa ni hewa mbaya ya mabwawa. Hata jina lenyewe la Kiitaliano lina maana hiyohiyo.

Alphonse Laveran alikuwa daktari wa jeshi la Ufaransa katika mji wa Constantine, Algeria. Alichokuwa akikifukuzia ni zile punje nyeusi. Tarehe 6 Novemba 1880 alikuwa akitazama damu mbichi ya askari mgonjwa, haijapakwa rangi yoyote, akaona kitu cha mviringo chenye punje hizo ndani yake, na pembeni mwa kitu hicho vinyweleo vinachezacheza kwa nguvu. Kilikuwa hai. Kwa maneno mengine, mtu wa kwanza kukiona kimelea cha malaria alifikishwa hapo na kinyesi chake.

Nasema kinyesi kwa sababu ndivyo kilivyo. Kimelea kinaishi ndani ya chembe nyekundu na kinakula hemoglobini, ile inayobeba oksijeni na kuipa damu wekundu. Katika mlo huo kuna sehemu yenye madini ya chuma ambayo ni sumu kwake. Hakiwezi kuitema wala kuimeza, basi kinaigandisha kuwa fuwele ndogo nyeusi na kuiacha kando. Fuwele hizo siku hizi zinaitwa hemozoini. Klorokwini, dawa ambayo wazazi wetu wanaikumbuka kwa kuwasha mwili mzima usiku kucha, ilikuwa ikiua kimelea kwa kukizuia kugandisha sumu hiyo. Kimelea kilikufa kwa kushindwa kusafisha choo chake. Baadaye kikajifunza ujanja wa kuikwepa dawa, na Tanzania ikaacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001.

Miaka 17 baada ya Laveran, kinyesi hichohicho kikamwongoza Ronald Ross, daktari wa jeshi la Waingereza huko India. Alikuwa Secunderabad, joto kali, akipasua mbu mmoja baada ya mwingine. Mbu hao walikuwa wamemuuma mgonjwa aitwaye Husein Khan, ambaye alilipwa anna moja kwa kila mbu aliyeshiba damu yake. Tarehe 20 Agosti 1897 Ross aliona katika ukuta wa tumbo la mbu chembe ngeni, na ndani yake punje nyeusi. Zile punje alizijua. Bila hizo, chembe zile zingeweza kuwa kitu chochote cha mbu. Ross alipata tuzo ya Nobel mwaka 1902, Laveran akapata yake 1907. Husein Khan aliondoka na anna zake.

Mwaka huohuo wa 1897 Robert Koch alitua Dar es Salaam, mji uliokuwa makao makuu ya utawala wa Kijerumani, akakaa hadi 1898 akichunguza malaria. Hospitali ya Ocean Road ilikuwa ndiyo kwanza imefunguliwa. Mwaka 1901 utawala ukaanza hapa mjini kampeni iliyofuata mawazo ya Koch: wakazi wapimwe damu kwa hadubini, na atakayekutwa na vimelea apewe kwinini. Kumbe uchunguzi wa damu za watu wengi kwa kutafuta malaria si kitu kilicholetwa na wafadhili wa juzi. Dar es Salaam ilikuwa miongoni mwa miji ya mwanzo duniani kufanyiwa hivyo. Mwaka 1904 Gustav Giemsa wa Hamburg akatoa ile rangi ya zambarau inayobeba jina lake, na kuanzia hapo kazi ikatulia: kioo, rangi ya Giemsa, hadubini, jicho la mtu. Mjukuu wa mtaalamu wa 1904 angeweza kuingia maabara ya leo asubuhi akaanza kazi bila kuelekezwa.

Tatizo la njia hiyo ni jicho. Ili useme kwa haki kwamba mtu hana malaria unapaswa kupitia maeneo 100 ya kioo kimoja chini ya lenzi kubwa. Kioo kimoja, dakika kadhaa. Vioo 60 kwa siku, foleni mlangoni, umeme unakatika. Nani hatachoka? Na aliyechoka akiona doa la rangi lisiloeleweka, huku daktari keshaandika kwenye karatasi kwamba anahisi malaria, ataandika nini?

Tuiache malaria kidogo, turuke hadi Chicago. Huko kuna bwana mmoja hakuwa daktari wala hakuwa na habari na malaria. Wallace Coulter, mzaliwa wa Little Rock, Arkansas, mwaka 1913, alikuwa mtu wa umeme. Miaka ya 1930 aliuza mitambo ya eksirei Mashariki ya Mbali, na hospitalini huko aliona wahudumu wakihesabu chembe za damu kwa macho, moja moja, siku nzima. Baada ya vita kuu ya pili, yeye na mdogo wake Joseph walijifungia kwenye chumba cha chini ya nyumba wakitafuta njia ya kuifanya mashine ihesabu.

Wazo lenyewe ni rahisi hadi linaudhi. Weka maji ya chumvi pande mbili za kizuizi chenye tundu dogo sana. Pitisha umeme katika tundu hilo. Chembe ya damu haipitishi umeme vizuri, kwa hiyo kila inapopenya tunduni umeme unakwama kidogo, na kila kukwama ni chembe moja. Kukwama kukubwa, chembe kubwa, kudogo, ndogo. Inasimuliwa kwamba tundu lake la kwanza alilitoboa kwa sindano ya moto kwenye ile karatasi ya nailoni inayofunika pakiti ya sigara. Hati yake ya ubunifu ilitolewa Oktoba 1953. Mwaka 1968 kampuni yake ilitoa mashine iliyotoa vipimo saba kwa mpigo kutoka sampuli moja, na karatasi ya FBP unayopewa leo ni mtoto wa karatasi ile.

Mashine ya Coulter ilijua ukubwa tu. Ili kutofautisha aina za chembe nyeupe ilibidi kuitazama chembe ndani, na hapo ndipo leza ilipoingia. Chembe zinapangwa mstari mmoja, zinapita mbele ya mwanga, na mashine inapima mwanga unavyotawanyika. Kampuni ya Abbott iliongeza ujanja katika mashine zake za Cell-Dyn: ikapima pia kama mwanga umepindishwa mpangilio wake unapopita ndani ya chembe. Lengo lilikuwa kuzitambua eosinofili, chembe nyeupe zinazoongezeka mtu akiwa na mzio au minyoo, kwa sababu punjepunje zilizomo ndani yake hupindisha mwanga kwa namna ya pekee. Hakuna aliyekuwa akiwaza malaria.

Lakini kuna kitu kingine katika damu kinachopindisha mwanga vilevile. Umeshakijua. Chembe nyeupe kazi yake mojawapo ni kufagia. Kimelea kikipasua chembe nyekundu na kutoka, kinyesi chake kinabaki kikielea, chembe nyeupe zinakimeza, na zikipita mbele ya leza zikiwa na fuwele hizo tumboni zinang'aa mahali zisipostahili. Mwaka 1999 B. V. Mendelow na wenzake wa Johannesburg walichapisha matokeo kwamba mashine ya kawaida ya kuhesabu damu, bila kemikali ya ziada wala kipimo cha ziada, ilikuwa ikionyesha alama hizo kwa wagonjwa wa malaria. Kitu kilekile alichokiona Meckel kwenye maiti, Laveran kwenye askari na Ross kwenye mbu, sasa kilikuwa ni doti kwenye skrini ya kompyuta.

Fikirieni maana yake kwa Johannesburg. Huko mbu wa malaria hawaambukizi. Ugonjwa uko mbali, Limpopo, Mpumalanga, mipakani na Msumbiji. Mtu anakuja na homa, daktari anawaza mafua, anaagiza FBP tu. Mashine inasema: hebu mtazameni huyu tena. Hiyo ni kupima bila kuombwa. Ureno, ambako wasafiri hurudi na malaria kutoka Angola na Msumbiji, watafiti wa Lisbon akina Thomas Hänscheid waliidaka haraka wakaifanyia kazi miaka ya mwanzo ya 2000. London, kundi la Carol Briggs lilichapisha mwaka 2006 kazi ya namna hiyo kwa mashine za kampuni ya Coulter, ambazo hazitumii mwanga uliopindishwa bali zinaangalia jinsi chembe nyeupe zinavyotofautiana ukubwa kuliko kawaida mtu akiwa na malaria. Korea Kusini nao waliona mashine za Sysmex za Kobe, Japani, zikikosea kwa namna inayosaidia: mgonjwa wa malaria anaonyeshwa ana eosinofili nyingi ambazo hadubini haizioni. Kosa la mashine likawa dalili.

Sitaki mdhani mambo yalikuwa mteremko. Kinyesi hakitoki mara moja. Kimelea kichanga hakijala vya kutosha kuacha uchafu unaoonekana, kwa hiyo mgonjwa wa siku ya kwanza anaweza kupita mbele ya leza akiwa safi. Na kinyume chake, mtu aliyepona bado anatembea na chembe nyeupe zilizomeza uchafu wa wiki iliyopita. Hänscheid na wenzake waliipeleka njia hiyo Lambaréné, Gabon, kwa watoto wanaoishi na malaria mwaka mzima, wakachapisha 2008. Mahali ambapo watu wanaugua, wanapona na kuugua tena, doti kwenye skrini haina maana nyepesi kama ilivyo kwa mtalii aliyerudi Lisbon.

Hapo sasa ndipo nilipokuwa nataka tufike, kwa sababu shida ya wenzetu na shida yetu ni vitu viwili vinavyopeana mgongo. Wao malaria inawapita bila kuonekana. Sisi tunaiona hata pale isipokuwepo.

Naomba mnivumilie kwa namba, wadau, mhariri wangu gazetini angeshazikata. Mwaka 2004 jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti wa Hugh Reyburn na wenzake katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Wagonjwa 4,474 walikuwa wamelazwa na kutibiwa malaria kali. Vioo vyao vikasomwa kwa makini. Waliokuwa na vimelea ni 2,062 tu, yaani asilimia 46. Waliobaki, 2,412, walikuwa wakitibiwa malaria wasiyokuwa nayo. Na katika hao wasio na malaria, 292 walikufa, asilimia 12.1. Katika wale wenye malaria ya kweli walikufa 142, asilimia 6.9. Soma tena hiyo. Waliokuwa na ugonjwa ulioandikwa kwenye faili walipona zaidi kuliko waliokuwa na ugonjwa ambao hakuna aliyeutafuta.

Mwaka 2011 ukachapishwa utafiti wa Dar es Salaam: vioo vilivyosomwa katika vituo vya kawaida vya jiji vikasomwa upya na wataalamu waliobobea. Vituo vilisema asilimia 53 ya wagonjwa wana malaria. Wataalamu walisema asilimia 2. Mwaka 2013 John Crump na wenzake wakachapisha kazi ya Moshi, ya wagonjwa 870 waliolazwa na homa. Madaktari walikuwa wameandika malaria kwa 528. Waliokuwa nayo kweli ni 14. Wengine walikuwa na bakteria kwenye damu, homa ya mgunda, chikungunya, homa ya Q, na magonjwa ya kupe ambayo wengi wetu hatujawahi kuyasikia yakitajwa kwenye dirisha la majibu. Dirishani tunayajua matatu: malaria, taifodi na UTI.

Haki itendeke: mambo yamebadilika tangu hapo. Kipimo cha haraka, mRDT, kilianza kusambazwa nchini kuanzia mwaka 2009, na mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likaelekeza kwamba asipewe mtu dawa ya malaria kabla ya kupimwa. Malaria yenyewe imepungua. Watoto wa chini ya miaka mitano waliokutwa nayo katika tafiti za kitaifa walikuwa asilimia 18 mwaka 2007/08, na mwaka 2022 ni asilimia 8. Ndiyo maana pia hadithi ya mashine kubwa ilififia huku kwetu. Zahanati ya kijijini haina umeme wa uhakika, mashine inataka rijenti kila mwezi na fundi kutoka mjini, na kijiti cha mRDT kinataka tone la damu na dakika 15 au 20. Ningekuwa mimi ndiye ninayegawa fedha ningechagua kijiti pia.

Lakini kijiti kinajibu swali moja tu: vimelea vimo au havimo, na pengine vilikuwemo wiki mbili zilizopita. Hakijibu swali la mama aliyeshika mtoto anayetetemeka: hicho kilichomo ndicho kinachomuua? Kwa sababu katika maeneo yenye malaria nyingi, pwani yetu hii na kanda ya ziwa, mtoto anaweza kuwa na vimelea vyake vichache anavyocheza navyo uwanjani, kisha akapata maambukizi ya bakteria yanayomlaza. Kijiti kitasema malaria. Kioo kitasema malaria. Na vyote viwili vitakuwa vimesema kweli.

Utafiti ulionifanya nikae kuandika haya yote ni wa Kilifi, Kenya. Kituo cha KEMRI-Wellcome kimekuwa kikihifadhi takwimu za watoto waliolazwa hospitalini hapo kwa malaria kali kuanzia katikati ya miaka ya 1990. Mwaka 2021 James Watson na wenzake, wakiwemo Thomas Williams na wanasayansi Wakenya wa kituo hicho, walirudi kwenye rekodi za watoto 2,220 wakaangalia kitu ambacho hakina uhusiano na kimelea: namba za mashine ya FBP. Hasa chembe sahani, zile zinazogandisha damu, pamoja na chembe nyeupe. Malaria kali hushusha chembe sahani karibu kila mara. Mtoto mwenye chembe sahani nyingi na chembe nyeupe nyingi, hata kama ana vimelea, huenda anaugua kitu kingine.

Walipopiga hesabu zao walikadiria kwamba karibu theluthi moja ya watoto wale hawakuwa na malaria kali. Walikuwa na ugonjwa mwingine mkali, huku vimelea vikiwa abiria tu. Na hii imetokea Kilifi, kwenye moja ya maabara bora za malaria barani, si kwenye zahanati yenye hadubini iliyoota kutu. Wakathibitishaje? Kwa selimundu. Anayebeba nusu ya selimundu, aliyerithi kwa mzazi mmoja, analindwa sana dhidi ya malaria kali. Kwa hiyo ukikusanya wagonjwa wa malaria kali wa kweli, wabebaji watakuwa wachache mno. Katika kundi ambalo namba za damu zilitilia shaka, wabebaji walikuwa wengi kuliko inavyotakiwa. Nimesoma ukurasa huo mara tatu, kwa furaha ya mtu anayetazama mpelelezi akikamata mwizi kwa nyayo.

Kwa hiyo mashine ambayo Johannesburg iligundua malaria iliyojificha, Kilifi iligundua malaria iliyosingiziwa. Na ya Kilifi haikuhitaji leza wala doti. Ilihitaji namba mbili ambazo hata mashine ndogo ya wilaya inazitoa.

Sysmex nao hawakukaa kimya. Wametengeneza mashine maalumu, XN-30 ya utafiti na baadaye XN-31, inayotumia leza ya urujuani na rangi inayong'arisha vinasaba vya kimelea ndani ya chembe nyekundu. Ndani ya dakika moja hivi inakupa idadi ya vimelea, ikihesabu vimelea vyenyewe badala ya kukisia kwa kutumia ile 8,000. Ilijaribiwa Nanoro, Burkina Faso, matokeo yakachapishwa 2019, na iliwapata karibu wagonjwa wote ambao hadubini iliwapata. Ni kazi nzuri sana. Naitamani kwa hospitali za rufaa, kwa benki za damu hasa, ambako chupa nyingi lazima zikaguliwe kwa haraka na vimelea vichache havitakiwi kupita. Kwingine siioni ikifika karibuni, na sina hakika kama ndiyo tunayoihitaji kwanza.

Wiki chache zilizopita nilikwenda katika hospitali moja ya wilaya, sitaitaja kwa kuwa walionipokea walinipokea vizuri, nikaomba kuona mashine yao ya FBP ikifanya kazi. Dada wa maabara alinionyesha. Sampuli ya mtoto wa miaka miwili, homa siku ya tatu, mRDT chanya. Karatasi ilitoka: chembe nyeupe zimepanda sana, chembe sahani ziko sawa kabisa. Dada akachukua kalamu akanakili namba moja kwenye daftari, wingi wa damu, kwa sababu daftari lina safu ya namba hiyo tu. Nikamuuliza kuhusu chembe sahani. Akasema, "Kaka, hiyo daktari akiitaka ataiona kwenye karatasi." Nikamuuliza daktari huwa anaitaka? Akacheka. "Kwa wanaotokwa damu, na kwa wajawazito wenye presha. Kwa malaria hajawahi kuniuliza mtu." Kisha akanyamaza kidogo, akaitazama ile karatasi tena, akaenda nayo wodini mwenyewe.

Alipokuwa ametoka nilifungua boksi la karatasi za zamani lililokuwa chini ya meza. Ni zile karatasi laini zinazochapwa kwa joto, kama risiti za dukani. Za mwezi uliopita zinasomeka. Za mwaka juzi zimeshapauka. Unaona jina la hospitali juu na mistari miwili mitatu, na pale zilipokuwa namba za chembe sahani hakuna kitu.